Mwamba-ngoma wa Kabwe na Moto wa Septemba

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Julai hadi Oktoba, msafiri anayeteremka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa kwenda Kabwe hupita katikati ya miti mitupu. Barabara inayotoka Lyazumbi huziacha nyuma nyasi na upepo wa baridi wa Nkasi, ikaingia katika miteremko ya miombo inayoshuka hadi Ziwa Tanganyika. Na katika miezi hiyo miteremko yote huwa ya rangi ya kijivu, majani yamepukutika, nyasi zimekauka na ardhi imekuwa ngumu kama kigae. Katikati ya ukiwa huo huonekana, hapa na pale, mti mfupi uliopindapinda, usio na jani hata moja, ambao ncha za matawi yake zimejaa maua mekundu kama makaa. Huo ndio mwamba-ngoma. Tunataka kuuzungumzia leo, pamoja na makazi yake, kwa kuwa msimu wake wa kuchanua ndio msimu ambao sisi wenyewe tumezoea kuitia moto miteremko hiyo.

Wataalamu wa mimea huuita Erythrina abyssinica. Neno la kwanza limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya wekundu, na la pili lataja Uhabeshi. Mti huu humea kuanzia nchi hiyo hadi Angola na Zimbabwe, na makabila mengi ya bara yana jina lake la kuuita. Jina la Kiswahili lajieleza lenyewe: ubao wake ni mwepesi na huchongeka bila taabu, hivyo wachongaji wa ngoma, vigoda na mizinga ya nyuki wameupenda tangu zamani. Mahali penye rutuba pasipoungua huweza kufikia kimo cha mita kumi na kupita. Mahali panapoungua mwaka hadi mwaka hubaki kichaka tu, shina limevimba na matawi yameanzia chini. Gamba lake ni nene, limejaa nyufa, na ukilibonyeza laingia kidogo kama kizibo cha chupa. Ganda la mbegu limebanwa baina ya punje na punje, na likipasuka hutoa punje nyekundu zenye doa jeusi, ambazo watoto huzitunga kuwa shanga. Hapa twawaonya wazazi kwamba punje hizo, zikitafunwa au kusagwa, zina sumu inayolegeza misuli.

Yafaa tueleze kwa nini mti uchanue wakati hauna majani, maana hapo ndipo penye kiini cha jambo tunalolisema. Jani ni mlango wa maji. Kwa njia ya jani mti hupumua na kujitengenezea chakula, lakini kwa njia hiyo hiyo hupoteza maji kwenda hewani. Mvua za Rukwa huanza mwezi wa Novemba na kukoma Aprili au mwanzo wa Mei. Kisha hufuata miezi sita ambayo ardhi haipati kitu. Mti unaoishi hapa huamua kuifunga milango: hurudisha ndani ya shina na mizizi yale yenye thamani yaliyomo katika majani, kisha huyaangusha maganda matupu. Kwa hiyo kupukutika kwa majani si ugonjwa wala kifo, bali ni uwekaji wa akiba. Na kwa mwamba-ngoma pana faida ya pili. Maua yake mekundu, yakiwa hayakufichwa na jani lolote, huonekana na ndege kutoka mbali. Chozi na ndege wengine wapendao maji matamu ya maua huja wakati ambao chakula kingine ni haba, na kwa kuruka kutoka mti hadi mti huchukua chavua na kuipeleka inakotakiwa. Mti ungengoja mvua na majani, ua lake lingefichika.

Miombo yenyewe, ambayo ndiyo nyumba ya mwamba-ngoma, ina ajabu yake. Wengi wetu hudhani kwamba miti huchipua kwa sababu mvua imenyesha. Katika miteremko ya Kabwe mambo ni kinyume. Mwezi wa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, tone la kwanza likiwa bado halijaanguka, miombo hutoa majani mapya, tena si ya kijani: ni ya rangi ya waridi, ya hudhurungi, ya shaba na ya damu ya mzee, hata kilima kizima huonekana kama kitambaa kilichotoka kwa mpaka rangi. Baada ya majuma machache ndipo hugeuka kijani. Maji ya kuchipulia yametoka wapi? Yametoka katika mizizi iliyokwenda chini sana na katika mashina yaliyohifadhi unyevu tangu masika. Pamoja na majani hayo huja maua madogo ambayo jicho haliyajali, lakini nyuki wanayajua. Asali ya miombo, inayosifiwa kutoka Tabora hadi Katavi na Rukwa, hutoka huko. Chini ya ardhi nako kuna ushirika ambao hauonekani: mizizi ya miombo na ya mikusu huishi pamoja na nyuzi nyembamba za uyoga, ambazo huisaidia kuvuna virutubisho katika udongo maskini, na mvua zikianza huchomoza na kuwa uyoga tunaoula.

Zipo nchi ambazo maua ya porini ya namna hii yamepewa heshima kubwa. Huko Marekani, katika milima ya mashariki, humea kichaka kiitwacho azalea, ambacho nacho hupukutisha majani wakati wa baridi na kuchanua maua ya rangi ya manjano, ya machungwa na nyekundu. Ukoo wake hauko porini mahali popote katika Afrika, hivyo asitokee mtu akautafuta Mbizi. Lakini kisa chake chatuhusu. Msafiri mmoja, William Bartram, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1791, aliandika kwamba mtu akiyaona maua hayo yametapakaa kilimani huingiwa na hofu kuwa kilima kimeshika moto. Leo watu hupanda kwa miguu kila mwezi wa Juni hadi kilele kiitwacho Gregory Bald, chenye kimo cha yapata mita 1,500, katika Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, ili kuyatazama. Kilele hicho zamani kilikuwa malisho ya mifugo. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1934 mifugo iliondolewa, msitu ukaanza kukisonga kichaka na kukinyima jua. Na tangu miaka ya 1980 uongozi wa hifadhi umeamua kupafyeka ili pabaki wazi. Yaani kule serikali hugharamia mikono ya watu ili ua la porini lisipotee. Kwetu gharama ya namna hiyo haitakiwi. Kwetu linatakiwa jambo moja ambalo halinunuliwi dukani, nalo ni kuuweka moto katika tarehe yake.

Kabla ya kufika kwenye moto, hatuna budi kusema neno juu ya neno. Ukiuliza miteremko ile ni nini, utajibiwa kwamba ni pori tu. Neno hilo "tu" ndilo lenye hatari. Serikali yenyewe inaposema Pori la Akiba la Lwafi, haina maana ya mahali pasipo na thamani. Ina maana ya mahali palipowekwa kwa ajili ya kesho. Lakini katika vinywa vyetu pori limekuwa ni jina la kitu kisicho na mwenyewe wala kazi. Jambo hili si la lugha peke yake. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, huingiza humo pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sasa tuulize: ni nani atakayeamua kwamba ardhi haitumiki, na ataamua katika mwezi gani? Ofisa anayefika kwa gari mwezi wa Agosti, wakati ambao barabara hupitika vizuri, ataona miti mitupu, nyasi zilizoungua na ukimya. Ataandika kwamba eneo ni kavu na halina matumizi. Angefika Oktoba angekuta chipukizi na nyuki. Angefika Januari angewakuta akina mama na vikapu vya uyoga. Sisi tunaona kwamba taarifa ya ardhi ya miombo iliyoandikwa kwa ziara moja ya kiangazi ni taarifa pungufu, na halmashauri ya kijiji ina haki ya kuikataa kwa heshima.

Wala hatuzungumzii kipande kidogo. Tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu, ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2015, ilionyesha kwamba Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, na zaidi ya sehemu tisa katika kumi ni misitu ya wazi ya namna ya miombo. Anayesema miombo ni pori tu amesema karibu misitu yote ya nchi hii ni pori tu.

Sasa moto. Moto si mgeni katika miombo, na hatutaki kudanganya kwamba unaweza kukomeshwa. Radi huuwasha, na binadamu ameuwasha kwa maelfu ya miaka. Mwamba-ngoma umevaa gamba nene kwa sababu hiyo hiyo. Tatizo ni wakati. Mwezi wa Mei na Juni nyasi bado zina unyevu kidogo; moto uliowashwa wakati huo hutambaa chini, huacha viraka visivyoungua, na jioni ukipata umande hulala wenyewe. Moto wa Agosti, Septemba na Oktoba ni mwingine kabisa. Nyasi zimekuwa makapi, upepo ni mkali, mwali hupanda hadi matawini. Na matawini wakati huo kuna nini? Kuna maua ya mwamba-ngoma na matumba yake. Kuna majani mapya ya miombo, laini, ambayo mti umeyatoa kwa akiba ya mwaka mzima. Hayo yote huungua kwa saa moja. Mti mkubwa hautakufa. Utajikaza uchipue tena kwa akiba iliyobaki. Lakini mbegu za mwaka huo hazipo tena. Ukifanyiwa hivyo miaka kumi mfululizo, mizee itasimama peke yake, haina watoto.

Hili si la kukisia. Karibu na Ndola, katika nchi jirani ya Zambia, watu wa misitu walitenga viwanja katika miombo mwaka 1933 ili kulijaribu. Kiwanja kimoja kilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, kingine mwanzoni mwa kiangazi, na kingine hakikuchomwa kabisa. Matokeo yaliyochapishwa na C. G. Trapnell mwaka 1959, baada ya zaidi ya miaka 20 ya subira, yalikuwa wazi. Palipochomwa mwishoni mwa kiangazi miombo iliporomoka, pakawa nyasi na vichaka vichache sugu. Palipochomwa mapema miti mingi ilisimama. Palipolindwa msitu ulizidi kufunga. Ardhi ni ile ile, mvua ni ile ile. Kilichobadilika ni tarehe ya kuwasha kiberiti.

Ndugu zetu wa visiwani, wa Mvuna, wa Mandakerenge, wa Ulwile na kwingineko, huenda wakasema kwamba habari hii ni ya watu wa bara, kwa kuwa moto hauvuki maji. Twawaomba wavumilie kidogo. Moto hauvuki maji, lakini udongo huingia majini. Mteremko ulioungua Septemba hupokea mvua za Novemba ukiwa uchi: hakuna majani yaliyooza ya kulainisha pigo la tone, hakuna nyasi za kuzuia mtiririko. Udongo hushuka na vijito mpaka ziwani. Ziwa letu lina kina kinachofika mita 1,470, na mtu aweza kudhani kwamba tope kidogo halitalijaza. Ni kweli halitalijaza. Lakini samaki wengi wa Ziwa Tanganyika hawaishi katika kina kile, ambako hakuna hewa ya kuvuta; wanaishi kandokando, katika mawe na mchanga wa maji mafupi. Kuhe, ambaye kila mvuvi wa Kirando na Kabwe anamfahamu, hutaga mayai yake chini kabisa, na mume na mke huyalinda kwa pamoja. Tope likishuka juu ya mayai, ulinzi wao hauna kazi. Mwaka 1993 watafiti walioongozwa na Andrew Cohen walitoa matokeo ya kulinganisha pwani za ziwa hili ambazo vilima vyake vimevuliwa miti na pwani ambazo vilima vyake bado vina miti. Penye tope jingi aina za viumbe zilikuwa chache zaidi, samaki wakiwamo.

Na si samaki peke yake. Mbao za mninga zinazojengea boti hutoka katika miombo, na mninga ni mti wa polepole. Kuni za kukaushia migebuka kwa moshi hutoka huko. Kisiwa ni kidogo. Mti ukikatwa hakuna kilima kingine nyuma yake cha kukimbilia, ila kuvuka maji na kuja kuchukua kwa jirani. Basi anayechukua kwa jirani hana budi kushiriki kulinda. Tena tuseme lililo kweli: moto mwingine wa pwani huanzia katika kambi ya wavuvi, kwa kijinga kilichoachwa kinafuka wakati boti limekwisha kuondoka.

Watu wa ziwa hawahitaji kufundishwa maana ya msimu. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Zilikuwa siku ngumu, na manung'uniko yalikuwapo. Lakini nyavu zilianikwa. Itakuwa ni jambo la kustaajabisha ikiwa mvuvi ameacha riziki yake kwa miezi mitatu kwa ajili ya mayai ya samaki, kisha Septemba ile ile mteremko unaomwaga tope juu ya mazalia hayo ukachomwa bila mtu kuuliza.

Tunaojua historia ya Ufipa tuna sababu nyingine ya kuwa na wasiwasi. Uwanda wa juu, kuanzia Sumbawanga hadi Namanyere, leo ni nchi ya nyasi. Wafipa walikuwa mafundi hodari wa chuma. Tanuri zao za malungu, ambazo mabaki yake bado yanaonekana, zilikuwa ndefu kupita kimo cha mtu, na zilikula makaa ya miti migumu. Hatusemi kwamba chuma peke yake ndicho kilichoondoa miti. Mashamba, mifugo na moto vilikuwa na sehemu yao. Lakini ni dhahiri kwamba watu wa juu walijifunza kuishi bila miti. Waligundua kilimo cha ntumba, cha kufukia nyasi katika matuta ya mviringo zioze na kuwa mbolea, mahali ambapo wengine wangekata matawi na kuyachoma ili kupata majivu. Ni ufundi wa kusifiwa. Hata hivyo ntumba hazifanyi kazi katika miteremko mikali ya Kabwe, na tanuri hazirudishi msitu. Tukiupoteza miombo wa pwani hatutakuwa na ufundi mwingine mkononi.

Yapo mengine ya kusikilizwa. Mfugaji huwasha moto mwishoni mwa kiangazi kwa sababu nyasi mbichi huchipuka baada ya kuungua, na ng'ombe wake wana njaa. Mkulima husafisha shamba. Mrina asali hufukuza nyuki kwa moshi. Mwindaji hutaka kuona mbali. Hakuna hata mmoja miongoni mwao anayeamka asubuhi akasema anakwenda kuharibu mazalia ya kuhe. Kumwita kila mmoja mhalifu hakusaidii kitu, na miaka mingi ya mabango yenye kukataza moto wa aina yoyote imetufundisha kwamba katazo lisilo na tarehe huzaa moto wa usiku. Mtu anayekatazwa kuchoma Mei kwa mchana, akiwa na majirani wa kumsaidia, atachoma Septemba kwa siri, kisha akimbie. Moto kichaa mwingi una asili hiyo.

Kwa hiyo maombi yetu kwa viongozi wa wilaya na wa mkoa ni mahususi. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 imeweka masharti ya kuchoma moto, na vibali vipo. Kibali kitolewe mapema, na kitolewe karibu na wananchi, ofisini kwa mtendaji wa kijiji, mnamo mwezi wa Mei, badala ya mtu kutembea hadi Namanyere na kurudi baada ya majuma matatu nyasi zikiwa zimekwisha kukauka. Siku ya kuchoma itangazwe misikitini, makanisani na mwaloni. Kuanzia Agosti vibali vifungwe kabisa, na hapo ndipo sheria ionyeshe meno. Sheria hiyo hiyo inaviruhusu vijiji kutenga misitu yao ya hifadhi. Kijiji kilichofanya hivyo, kikapima mipaka na kuandika sheria ndogo, kimekwisha kumjibu yeyote atakayesema ardhi yao haitumiki. Vijiji vya pwani na vya visiwa vinavyotumia mteremko mmoja vikae pamoja katika jambo hili, hata kama havitazamani uso kwa uso.

Tunatambua ugumu wa kuziunganisha ofisi. Bwana Misitu ana miti yake, Bwana Samaki ana nyavu zake, ofisa mifugo ana malisho yake, na wa ardhi ana ramani zake. Wahenga walisema mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Nao hawakuwa wanasema juu ya mti, bali juu ya tabia zetu. Ngozi ya Kabwe imevutwa pande nne na inakaribia kupasuka. Mkuu wa Wilaya anaweza, kwa mkutano mmoja wa mwezi wa Aprili, kuwaketisha hao wote mbele ya kalenda moja. Fedha nyingi hazihitajiki. Mamlaka ya Bandari imejenga bandari Kabwe katika miaka ya karibuni, na bandari huleta watu, mizigo na haja ya kuni na mkaa zaidi; kalenda hiyo ikichelewa, mahitaji yatatangulia.

Kwa upande wa wananchi, mwamba-ngoma wenyewe haudai makubwa. Hauhitaji kitalu wala mbegu ya kununua. Mvua za kwanza zikinyesha, kata tawi lililokomaa, nene kama kifundo cha mkono na refu kama fimbo ya mchungaji, likae kivulini siku mbili tatu jeraha lake likauke, kisha lichimbie ardhini kwa kina cha dhiraa moja. Litashika. Yakipandwa kwa safu hufanya ua wa kuzunguka bustani au zizi, wenye miiba ya kutosha kumkatisha tamaa mbuzi. Na kwa kuwa ni mti wa jamii ya kunde, mizizi yake hurutubisha udongo ulio kando yake. Watu wa visiwani wanaotaka kuujaribu waombe matawi kwa jamaa zao wa bara mwezi wa Oktoba, baada ya maua kuisha, wayafunge pamoja kwa kamba na kuyaweka chini ya boti penye kivuli. Wasiyaache juani hata kama safari ni fupi.